Fedha ya zahanati ina kalenda yake: tuliyojifunza mwaloni

Fedha ya kwanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati yetu, katika mwaka wa fedha 2017/18, ilinunua rangi ya ukuta, viti na meza. Kabla ya hapo fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ulioanza mwaka 1999, zilikuwa zikiishia halmashauri. Zahanati ilipokea vitu, haikupokea shilingi. Kwa hiyo kamati ya usimamizi ilipoona salio la benki lenye jina la zahanati, ilitaka kitu ambacho kijiji kizima kingekiona. Rangi ilionekana. Wiki chache baadaye amoksilini ya watoto iliisha. Akina mama waliotoka kambi za dagaa na watoto wenye nimonia wakaandikiwa karatasi wakanunue dawa dukani, na wengine walinunua nusu dozi kwa sababu ndiyo pesa waliyokuwa nayo. Mmoja alirudi siku ya tatu, mtoto amezidiwa, akaketi chini ya ukuta uleule mpya akisubiri rufaa ya mjini. Aibu ya siku ile ndiyo iliyoifanya kamati ianze kusoma fedha za afya kama mvuvi anavyosoma mwezi.

Tunaandika kwa ajili ya kamati nyingine za ufukweni mwa Ziwa Victoria mkoani Mwanza, kuanzia Magu hadi Buchosa na visiwani Ukerewe, kwa sababu makosa tuliyofanya yanajirudia kila zahanati tunayoitembelea. Ni kweli fedha ni chache. Ahadi ambayo nchi za Afrika zilitoa Abuja mwezi Aprili 2001, ya kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, bado inadaiwa na nchi nyingi, na wanaoipigania wana haki. Lakini kwetu sehemu ya fedha ilipotea ikiwa tayari ni yetu: ilikosa kifungu cha bajeti, ilikosa saini, ilikosa risiti, au ilifika wakati dawa imeshaisha.

Jambo la kwanza kuelewa ni tarehe. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini fedha ya Julai huamuliwa miezi saba kabla yake. Mwongozo wa bajeti hushuka mwishoni mwa mwaka wa kalenda, zahanati huandaa mpango wake kati ya Desemba na Januari, halmashauri huunganisha mipango ya vituo vyote katika mpango kabambe wa afya, baraza la madiwani hupitisha, kisha inakwenda juu hadi Bunge la bajeti. Kamati inayokutana Machi kulalamika kwamba haina mafuta ya boti inalalamika kuhusu mwaka ambao umeshafungwa. Tulifanya hivyo mara mbili. Mara zote mbili tulijibiwa kwa upole kwamba wazo ni zuri, tuliweke mwakani.

Mpango wenyewe uliandikwa mwaka wa kwanza na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, peke yake, usiku, kwa kunakili mpango wa zahanati jirani iliyo bara. Zahanati ile haina kisiwa hata kimoja. Sisi tuna visiwa viwili tunavyovipelekea huduma za mkoba za chanjo na kliniki ya wajawazito. Mpango ulionakiliwa ulikuwa na kifungu cha nauli, haukuwa na mafuta. Tuliponunua petroli kwa fedha ya nauli, mkaguzi wa hesabu aliandika hoja ya ukaguzi, na hoja ile tuliijibu kwa mwaka mzima.

Basi hesabu ya boti iandikwe hivi. Injini ya farasi 15 ikikazwa hula takribani lita 6 kwa saa. Safari ya saa moja kwenda na saa moja kurudi ni lita 12, ongeza lita 4 za akiba kwa sababu upepo wa mchana ziwani hauna adabu, jumla lita 16. Injini inayotumia mchanganyiko wa 50 kwa 1 itahitaji mililita 320 za oili ya 2T kwa lita hizo 16. Safari 12 kwa mwaka ni lita 192 za petroli na karibu lita 4 za oili, kwa kila kisiwa. Zidisha kwa bei ya petroli ya visiwani, ambayo siku zote huwa juu ya ile ya mjini, kisha rudi ununue mjini. Sababu ni risiti. Visiwani petroli huuzwa kwa madumu na muuzaji hana mashine ya kielektroniki ya risiti. Ukinunua kwake, hujanunua kitu machoni pa mkaguzi. Nunua kituo cha mafuta chenye mashine, jina la zahanati liandikwe kwenye risiti, na daftari la safari lioneshe tarehe, lita, waliosafiri na watoto waliochanjwa. Maboya ya kuokolea yawekwe kwenye mpango huohuo. Tangu kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara Septemba 20, 2018 na kuua zaidi ya watu 220, hakuna mjumbe aliyewahi kusema tena kwamba maboya ni anasa.

Idadi ya watu nayo ina mtego wake. Mgawo wa fedha huangalia sana idadi ya watu wa eneo, na mwalo, yaani ufukwe wanakoshushia samaki wavuvi, una watu wanaohama. Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, usiku wa sensa, mwezi ulikuwa umebakiza siku chache kuandama. Kila mvuvi anajua maana yake: giza, dagaa wanavutwa kwa taa, mitumbwi iko mbali. Mtu huhesabiwa alipolala, na aliyelala kambi ya kisiwani alihesabiwa kisiwani. Hatuwezi kuibadilisha sensa, na si haki kuilaumu. Tunachoweza ni kupeleka kwenye kikao cha mpango takwimu za rejesta zetu: wagonjwa wa nje kwa mwezi, wakiwa wamegawanywa kati ya wakazi na wageni wa kambi. Safu hiyo ya makazi kwenye rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za afya, ilikuwa ikiachwa wazi au ikijazwa jina la kijiji chetu kwa kila mtu. Tulipoanza kuijaza kwa ukweli, ndipo halmashauri ilipoona kwamba zahanati ya kijiji kimoja inatibu watu wa mialo minne.

Sasa dawa, ambako fedha nyingi huenda na ambako makosa yetu yaliumiza zaidi. Kosa kubwa halikuwa wizi wala uzembe. Lilikuwa kosa la hesabu. Tulikuwa tukiagiza kwa kuangalia kiasi kilichotumika mwezi uliopita. Dawa ikikosekana siku kumi, matumizi yanaonekana madogo, tunaagiza kidogo, inaisha mapema zaidi, mwezi unaofuata matumizi yanaonekana madogo zaidi. Upungufu ulikuwa unazaa upungufu, na kwenye karatasi ilionekana kana kwamba wagonjwa wamepungua.

Njia sahihi ni kurekebisha matumizi kwa siku ambazo dawa ilikuwapo kweli. Chukua kiasi kilichotumika, zidisha kwa siku za mwezi, gawanya kwa siku ambazo dawa ilikuwapo. Vidonge 600 vimetumika katika mwezi wa siku 30, dawa haikuwapo siku 10: 600 mara 30, gawanya kwa 20, unapata 900. Mahitaji ya kweli ni 900, na ukiagiza 600 umejinyima theluthi kabla hujaanza. Kwa hesabu hii leja lazima ioneshe siku dawa ilipoisha na siku ilipopokelewa. Leja yetu ilikuwa ikiruka siku hizo kwa sababu mtumishi aliona hakuna cha kuandika. Andika sifuri. Hiyo sifuri ndiyo itakayoitetea zahanati.

Halafu linganisha na wagonjwa. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 mwenye nimonia humeza vidonge 2 vya amoksilini ya miligramu 250 asubuhi na 2 jioni kwa siku 5, yaani 20. Mwenye miezi 2 hadi 11 humeza 10. Ukiwa na watoto 30 wa kundi la kwanza na 12 wa kundi la pili kwa mwezi, unahitaji vidonge 720. Leja ikisema vimetumika 1,400, ama wanaandikiwa watoto wenye mafua tu, ama vinatoka kwa mlango mwingine. Kamati iliyokaa na karatasi hizo mbili, leja na rejesta, haihitaji kumtuhumu mtu. Inauliza tofauti imetoka wapi, na inasubiri jibu. Kwetu jibu lilikuwa mafua. Mganga wa wilaya alimleta mtu wa kuwafundisha watumishi kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima, na matumizi yakashuka bila mtoto mwenye nimonia kukosa dawa. Mafunzo yale hayakutugharimu kitu zaidi ya chai.

Agizo likienda Bohari ya Dawa ya serikali na dawa nyingine zikakosekana, kuna utaratibu wa Jazia: kila mkoa una mshitiri aliyeshinda zabuni, ambaye zahanati hununua kwake zile zilizokosekana tu. Utaratibu huu ulianzia Dodoma mwaka 2014 na mwaka 2018 ukaenea mikoa yote. Sisi tulichelewa kuutumia kwa sababu tulisubiri rafu iwe tupu ndipo tuandike. Kumbuka karatasi zinapita mikono kadhaa: uthibitisho kwamba bohari haina, fomu ya kuagiza kwa mshitiri, idhini ya mganga mkuu wa halmashauri, mzigo kufika, kamati ya mapokezi kuukagua, ndipo malipo. Kwa zahanati ya barabara ya lami ni wiki mbili. Kwa ya kisiwani tuhesabu nne. Kwa hiyo anza kuandika ukiwa bado na dawa ya wiki sita. Mapokezi nayo yafanyike watu watatu wakiwa pamoja, makasha yakifunguliwa mbele yao, wakisoma tarehe ya kuisha muda kwa sauti. Tulipokea mara moja dawa iliyobakiza miezi miwili kwa sababu mtu mmoja alisaini akiwa na haraka ya kuwahi mtumbwi.

Tatizo la saini lilitugharimu wiki saba za mwaka mmoja. Mganga mfawidhi alihamishwa Oktoba. Ni mtu mwema, aliaga vizuri, tukamfanyia hafla ndogo ya samaki. Hakuna aliyekumbuka kwamba yeye ndiye mtia saini wa akaunti. Fedha ya robo iliingia, ikakaa. Hakuna dawa, hakuna umeme wa LUKU, unaolipiwa kabla, na jokofu la chanjo, ambalo lazima libaki kati ya nyuzi joto 2 na 8, likawa linaishi kwa michango ya wajumbe. Siku barua ya uhamisho inapofika, kabla ya pilau na hotuba, kamati ikae ndani ya siku mbili: muhtasari wa kikao unaomtaja mtia saini mpya, barua kwa Mkurugenzi ya kuomba mabadiliko, nakala za vitambulisho vya taifa na picha za anayeingia. Anayeondoka asaini malipo ya lazima ya mwezi mmoja mbele, hasa LUKU, kabla hajakabidhi, maadamu yamo kwenye mpango na yameidhinishwa. Na nywila za mifumo ya fedha na takwimu zisikabidhiwe kwa kunong'onezana; aombewe mtumiaji mpya rasmi.

Tuje kwenye fedha ya wananchi wenyewe. Bima ya jamii, CHF, ilijaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996. Ile iliyoboreshwa, tulipoanza kuandikisha, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6 kwa mwaka, na kadi yake, kwa kufuata rufaa, ilifika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Bugando ni hospitali ya kanda, haikuwemo. Hilo tulilificha. Hatukudanganya kwa maneno, tulinyamaza tu pale watu walipodhani kadi inafika kila mahali. Mzee mmoja wa mwaloni alipelekwa Bugando akakuta kadi haimsaidii, na habari yake ilifika mialo yote kabla ya mtumbwi wetu. Uandikishaji uliofuata ulianguka. Sasa maneno ya kwanza ya afisa mwandikishaji ni mipaka ya kadi, kisha faida zake.

Kosa la pili la CHF lilikuwa la mwezi wa angani. Tuliitisha mkutano wa hadhara siku za giza, tukawakuta wanawake wanaoanika dagaa na watoto. Wanaume wako majini usiku na wamelala mchana. Mwaka uliofuata tukaitisha mbalamwezi, mitumbwi imepumzika, watu wamejaa, wakasikiliza vizuri, wakaridhika, na hakuna aliyetoa shilingi, kwa sababu mbalamwezi ndiyo siku za ukata. Mkutano ni wa mbalamwezi. Malipo ni ya mwisho wa giza, matajiri, yaani wenye mitumbwi, wanapogawa mapato. Tulikubaliana na matajiri wa mitumbwi na uongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, kwamba kila mvuvi anayetaka akatwe shilingi 10,000 kwa giza tatu mfululizo. Tahadhari: kadi haianzi hadi mchango wote utimie, na hili liandikwe kwenye daftari la tajiri na mvuvi aweke kidole. Pesa isikae mfukoni mwa tajiri. Ilikaa mara moja, injini ya mtumbwi ikafa, ikanunua pistoni, na watu kumi na wawili wakakosa kadi. Sasa inatumwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo siku ileile ya mgao, na ujumbe wa simu unasomwa mbele ya wote. Kwa wakulima wa pamba wa upande wa bara, subirini soko lifunguliwe, kuanzia Mei. Januari mkulima anawaza palizi na ada ya shule.

Ukishawaandikisha, bado hujapata fedha. Zahanati inalipwa kwa madai inayopeleka. Madai yetu mengi ya miezi ya mwanzo yalirudi, na kila lililorudi lilikuwa kosa letu: kadi iliyoisha muda, tarehe haipo, mgonjwa hakusaini, ugonjwa ulioandikwa haulingani na dawa iliyotolewa. Tulipata dawa moja tu ya tatizo hili. Fomu zikaguliwe kila Ijumaa na mtu ambaye hakuzijaza, mgonjwa akiwa bado anakumbukwa. Kusubiri mwisho wa mwezi ni kuzipoteza.

Wenye msamaha nao wahesabiwe kwa shilingi. Wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wasio na uwezo: wanatibiwa bure, na ni haki. Lakini bure kwa mgonjwa si bure kwa zahanati. Tulianza kuandika kando ya kila jina gharama ya dawa na vifaa alivyopata, tukajumlisha kila mwezi, tukapeleka nakala moja kwa bodi ya afya ya halmashauri na nyingine kwa diwani. Miezi minane ya karatasi hizo ilifanya kazi ambayo miaka mitatu ya malalamiko haikufanya. Diwani alisimama barazani akiwa na jumla kamili mkononi, na mwaka uliofuata mgawo wa dawa wa zahanati za mialoni uliongezwa.

Kuhusu majengo tutasema kidogo, kwa sababu wengi wanayajua. Kijiji kilinyanyua boma, yaani kuta zisizo na paa, la zahanati ya pili kwa nguvu zake, mawe hayana shida Mwanza, na serikali ikaleta shilingi milioni 50 za kumalizia, kama inavyofanya kwa maboma mengi. Jengo likapendeza. Likakaa limefungwa kwa miezi kwa kukosa watumishi, popo wakaingia darini. Maombi ya watumishi yana kalenda yake pia, na yanapaswa kuandikwa siku ya kupaua, yasingoje siku ya kupaka rangi. Pamoja nayo iandikwe gharama ya kila mwezi: mlinzi, LUKU, maji, gesi, usafi, mafuta ya pikipiki. Ukishindwa kutaja nani atalipa hizo, hujajenga zahanati.

Mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kilipozuka mikoa ya kanda ya Ziwa, tuligundua kwamba mpango wetu haukuwa na kifungu cha mlipuko. Fedha ilikuwapo benki, lakini ilikuwa ya samani na semina. Kuhamisha fedha kati ya vifungu kunahitaji muhtasari wa kamati, barua, na idhini, na kipindupindu hakisubiri barua. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekaukiwa sana anahitaji mililita 100 za Ringer, maji ya dripu, kwa kila kilo ndani ya saa 3: lita 1.8 nusu saa ya kwanza, lita 4.2 saa mbili na nusu zinazofuata. Hizo ni lita 6, chupa 12 za nusu lita, kwa mgonjwa mmoja, kabla hujahesabu anachoendelea kuharisha. Tulikuwa na chupa 20. Wajumbe walipiga simu usiku kucha, na halmashauri ikatuletea alfajiri. Hatukupoteza mtu usiku ule, lakini hatusemi kwamba tulijiandaa.

Sasa kila mwaka tunaweka kifungu cha mlipuko hata kikiwa kidogo, na akiba isiyoguswa: chupa 60 za Ringer, pakiti 200 za ORS, chumvi za kuchanganya na maji ya kunywa kwa anayeharisha, na klorini ya unga ya asilimia 70. Ya sakafu na vitanda ni gramu 140 kwa ndoo ya lita 20, inayotoa nguvu ya asilimia 0.5, ya kunawa mikono ni gramu 14 kwa ndoo hiyohiyo, asilimia 0.05. Pima kwa mizani mara moja, kisha weka alama kwenye kijiko ambacho hakitatumika kwa kitu kingine. Klorini iliyofunguliwa hupoteza nguvu na hutafuna chuma, isiwekwe stoo moja na vifaa vya kujifungulia. Akiba ya Ringer izungushwe: inayokaribia kuisha muda itumike wodini, mpya iingie nyuma.

Posho ilitugawanya, na ni vema tuseme. Wajumbe wanaacha mitumbwi na mashamba kuja kikaoni. Mwaka mmoja tulipanga vikao vingi kuliko vilivyohitajika kwa sababu ya posho, na fedha ya vikao vile ingelipa LUKU kwa miezi mitano. Tulirudi kwenye vikao vinne vya robo na vya dharura visivyolipwa. Wajumbe wawili walijiuzulu. Waliobaki wanakuja.

Kisha ikaja Januari 20, 2025. Siku hiyo serikali yetu ilithibitisha virusi vya Marburg, vya homa kali inayoua, Biharamulo, ng'ambo ya Geita tu, na siku hiyohiyo Marekani ikasitisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Wakati ambao ukanda wetu ulihitaji macho zaidi, mwendesha pikipiki anayepeleka sampuli za makohozi na za wingi wa virusi vya UKIMWI maabara, aliyekuwa akilipwa na misaada hiyo, aliambiwa asije kazini. Mwingiza takwimu naye. Kamati ilishtuka kwa jambo la kuaibisha: hatukuwa tukijua kwamba hao si waajiriwa wa halmashauri. Walikaa zahanati, walivaa koti jeupe, tuliwasalimia kila siku. Wengine wetu tulikasirika, wengine waliogopa kwa ajili ya ndugu zao wanaotumia dawa. Dawa zenyewe zilikuwapo, lakini watu waliacha kuja kwa kusikia uvumi kwamba zimekwisha, na ilibidi wahudumu wa jamii wapite kambi kwa kambi kuwaita.

Tulichofanya wiki ile ndicho tunachomshauri kila mtu akifanye kabla ya kulazimika. Tulichora jedwali kwenye karatasi ya manila. Safu ya kwanza: huduma. Ya pili: nani anailipia, kwa jina la fungu. Ya tatu: hadi tarehe gani. Ya nne: ikikatika, ni shilingi ngapi kwa mwezi kuiendesha wenyewe. Ya tano: inaweza kusimama siku ngapi bila mtu kudhurika. Mistari iliyoandikwa sifuri kwenye safu ya tano ndiyo tuliyoanza nayo. Sampuli zilikuwa mojawapo. Pikipiki ya kwenda maabara mara mbili kwa wiki iligeuka kuwa gharama ndogo kuliko tulivyoogopa, tukailipa kutoka makusanyo ya papo kwa papo, yaani pesa taslimu za wagonjwa, baada ya kuomba idhini, hadi halmashauri ilipoichukua. Takwimu zilirudi kwa wauguzi, na zikachelewa, na bado zinachelewa. Uhamasishaji wa rika haukupata mlipaji hadi leo. USAID, shirika la misaada la Marekani, yenyewe ilifunga shughuli zake Julai 1 mwaka huohuo, kwa hiyo waliokuwa wakisubiri siku 90 ziishe walisubiri bure.

Jedwali limebandikwa nyuma ya mlango wa stoo, juu ya leja. Kila Novemba, siku za mbalamwezi ili matajiri na wavuvi wawepo, kamati hulishusha na kulisoma mstari kwa mstari, ikifuta tarehe zilizopita na kuandika bei mpya. Kinachobaki bila mlipaji ndicho kinachoingia kwanza kwenye mpango wa Julai.